Nimepigwa tochi Bunju, gari ya namba za Kenya

Assalam aleikum jamaa wa Mombasa mlioko Dar. Jumamosi natoka Bagamoyo, nikapigwa tochi ya spidi Bunju: 63 kwenye 50. Trafiki mstaarabu kabisa, kanionyesha picha, kaniandikia 30,000. Faini sina ugomvi nayo. Ugomvi ni kontrol namba, ile ya kulipia: nikilipa kwa simu naambiwa haipo. Nimekwenda kaunta moja mjini, kijana kaandika KDA, kaniangalia: "Halafu?" Yeye ataka T, tarakimu tatu, herufi tatu. Rudi Jumatano, asema. TIP yangu, kile kibali cha muda cha gari ya kigeni, yaisha Alhamisi na sharti nivuke mpaka wa Horohoro. Nikifika na deni wataniachia? Nani yashamkuta?
Wa Kibokoni

Pole mwanangu. Mimi ilikuwa zebra, karibu na Mwenge. Mtu ndiyo kwanza ateremsha mguu, nami nshapita. 30,000! Kwetu Digo Road ukisimamia mtu kwenye zebra wa nyuma wakutukana, hapa wasimama kweli. Wiki hiyohiyo taa ya breki, 30,000 nyingine. Mtungi wa kuzimia moto unao? Na pembetatu mbili, si moja.
Mama Hafswa

Mama Hafswa, kijana hakuulizia zebra. Nawe Kibokoni, hata kwetu mjini sheria ni 50, ila hatuishiki. Watu hunaswa hapo katikati: nyumba zimepungua, mguu waenda chini, na kibao cha kumaliza 50 bado hakijafika. Pia uwe na kadi ya njano, ile bima ya gari ya kuvukia mipaka, ya soko la pamoja la COMESA.
Mzee wa Upanga

Mzee, Tanzania haimo COMESA.
Frere Town

Imetoka 2000, nami nilikuwa papa hapa Dar, wewe sijui ulikuwa darasa la ngapi. Kadi ya njano bado yatumika. Uliza kwanza, kisha unisahihishe.
Mzee wa Upanga

Haya, nimekoma. Yangu mimi ni ya Magomeni: ramani ya simu yaniambia pinda kulia, napinda, niko ndani ya njia ya mwendokasi na basi hilo laja mbele yangu. Trafiki alicheka kwanza, kisha ndiyo akaandika. Lakini hebu tusemeni kweli. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikufa 1977, ikafufuliwa, bendera kila mpaka, na kompyuta haijui KDA ni gari! Malori nayo yapanga foleni vilevile. Hao wakubwa huvuka kwa ndege, tochi wataijulia wapi?
Frere Town

Siasa peleka kibarazani kwako. Kibokoni, ukivuka asubuhi utapata mahamri ya moto Ukunda, na mbaazi za nazi nzito, si hizi za huku. Miaka sita nala chipsi mayai, nimekinai. Juzi nimepanda kivuko cha Kigamboni bila shughuli yoyote, nipate tu harufu ya Likoni.
Bi Tudor

Bi Tudor umeniliza.
Mama Hafswa

Jamani, leo Jumanne usiku. Mahamri nitakula inshallah. Deni je? Horohoro hulitazama au hawalitazami?
Wa Kibokoni

Kwani wavuka saa ngapi? Nina kimzigo kidogo cha dada yangu Likoni, kilo nane tu.
Bi Tudor