Mafuta ya breki kwa miteremko: DOT 4, DOT 5.1 au ya mashindano?

Mkaazi wa Lanet: Wanajukwaa, hamjambo. Nina Subaru Forester yenye mafuta ya breki ya daraja la DOT 3, na kila nikiteremka Sachangwan kuelekea Salgaa nikiwa na mzigo, pedeli ya breki hulainika na kuzama, ingawa pedi na diski ni mpya. Je, nichague DOT 4, DOT 5.1 au yale ya mashindano, Motul RBF 600?

Fundi Kondele: Ndugu, usitazame namba moja tu ya kopo. Kuna kiwango cha kuchemka cha mafuta mapya na kile cha mafuta yaliyokwisha kunywa maji, ambacho hupimwa maji yakifika takriban asilimia 3.7. Kwa uchache, DOT 3 huchemka kwa nyuzi 205 za Selsiasi yakiwa mapya na 140 yakiwa na maji, DOT 4 ni 230 na 155, DOT 5.1 ni 260 na 180. Mafuta haya hufyonza unyevu polepole kupitia paipu za mpira, na yakichemka hutoa mvuke ambao hushindilika, ilhali mafuta yenyewe hayashindiliki. Ndipo pedeli inapozama. Yako yamekaa muda gani?

Mkaazi wa Lanet: Sina hakika. Nililinunua gari likiwa nayo.

Fundi Kondele: Basi hata DOT 4 mapya yatakupa nafuu kubwa.

Dereva wa Kericho: Fundi, kwa mteremko ule ningepanda hadi DOT 5.1, ambayo pia ni mepesi na huipendeza ABS, ule mfumo unaozuia magurudumu kujifunga ukikanyaga breki. RBF 600 hustahimili nyuzi 312 yakiwa mapya, lakini wanaoyatumia mashindanoni huyabadilisha mara kwa mara. Mwenye kuyasahau miaka minne amepoteza pesa.

Mama Forester, Kisumu: Angalizo: DOT 5 bila ile .1 ni ya silikoni na hayachanganyiki na haya mengine, kwa hiyo soma kopo vizuri, wala usikubali lililofunguliwa dukani. Tena, teremka kwa gia ndogo. Hakuna mafuta yatakayomwokoa anayekanyaga breki mfululizo kutoka juu hadi chini.

Mkaazi wa Lanet: Nitachukua DOT 5.1. Je, lita moja itatosha?

Fundi Kondele: Yatosha. Fuata mpangilio wa magurudumu uliomo katika kitabu cha gari, uyatoe hadi yale ya rangi ya chai yaishe na yaje yaliyo angavu, na yasidondokee bodi kwa kuwa hubabua rangi.