Wilaya ya shule imefunga jengo, sasa inatuachia gofu mtaani

Wakuu, hili limenifika hapa kooni.

Shule ya msingi ya mtaa wetu huku Marekani ilifungwa, watoto wakahamishiwa nyingine ng'ambo ya barabara kuu. Tukaambiwa wanafunzi wamepungua. Sawa, lakini jengo bado ni mali ya wilaya ya shule, yaani mamlaka inayoendesha shule za umma, ambayo si serikali ya jiji! Madirisha yamevunjwa, wezi wameng'oa mabomba ya shaba, na theluji ikianguka hakuna anayeizoa kwenye njia ya waenda kwa miguu. Watoto wadogo wanatembea barabarani na magari, alfajiri, giza bado. Majani ya uani kwangu yakirefuka naandikiwa faini. Ya kwao yamefika kiunoni na hakuna anayewagusa.

Ukiwapigia wilaya, wanakwambia nenda jiji. Jiji wanasema mwenye jengo ni wilaya. Hati ya umiliki ina jina moja tu, mnazungushana nini?

Na si kwetu pekee. Chicago, Mei 2013, bodi ya elimu ilipitisha kufungwa kwa shule zipatazo 50 kwa mkupuo, nyingi zikiwa mitaa ya Weusi kusini na magharibi. Miaka kumi baadaye majengo mengi yalikuwa bado matupu. Lakini shule ya Stewart, mtaa wa Uptown upande wa kaskazini, ilipata mnunuzi ikawa nyumba za kupanga. Detroit nako, mwaka 2014, wilaya ililikabidhi jiji majengo matupu 57 nalo jiji likaifutia deni la umeme la zaidi ya dola milioni 11. Mlipa kodi ni yuleyule!

Msiniambie hakuna bajeti. Maji yasipotolewa kwenye mabomba kabla ya baridi, yanaganda na mabomba yanapasuka. Paa likivuja, dari na sakafu zinaoza. Majengo mengi ya zamani yana asbesto, madini ambayo vumbi lake hudhuru mapafu, kwa hiyo hata kuyabomoa ni ghali. Anayepiga kura ya kufunga shule apitishe siku hiyohiyo fedha za kulitunza jengo mpaka liuzwe au libomolewe.

Ndugu zangu, hasa mliotoka Kongo mlio wengi mitaa hii, kodi ya majengo tunailipa, hata mpangaji huilipa ndani ya pango la nyumba. Mikutano ya bodi ya wilaya ya shule iko wazi kwa umma. Wenye picha zenye tarehe wekeni hapa chini. Twende kundi zima, na mkalimani wa Kiswahili tumdai mapema.