Unga wa protini kutokana na mapanki ya sangara: nawezaje kuzuia harufu?

Msindikaji, Mwanza

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Ninakusudia kununua mapanki, yaani vichwa na migongo ya sangara inayobaki viwandani baada ya minofu kutolewa na kusafirishwa nje, ili nitengeneze unga wa kuongeza katika uji wa lishe wa watoto. Unga wa aina hii niliouona sokoni huwa wa kahawia, na baada ya majuma machache hutoa harufu kali inayomfanya mtoto aukatae uji. Je, harufu hiyo inatokana na nini, na je, nikisaga mgongo mzima pamoja na mifupa yake, nitakuwa na haki ya kuuita unga wa protini?

Fundi wa usindikaji, Kisumu

Ndugu, adui yako ni mafuta. Mafuta ya samaki huharibika haraka yakikutana na hewa, joto na mwanga, na sangara mkubwa ana mafuta mengi, hasa tumboni. Ndiyo maana FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ilipoainisha unga wa samaki unaoliwa na binadamu, iliweka daraja la juu, lisilo na harufu wala ladha, kwa unga wenye mafuta yasiyozidi asilimia 0.75, na daraja la pili kwa usiozidi asilimia 3. Daraja la kwanza hufikiwa kwa kuyeyusha mafuta kwa alkoholi, kazi isiyofaa kufanyiwa jikoni, usijaribu.

Unachoweza kufanya ni hiki: pokea mapanki yakiwa kwenye barafu siku ileile yalipokatwa, ondoa matamvua na mabaki ya utumbo, osha kwa maji safi, kisha chemsha hadi nyama iachie mfupa. Engua mafuta yanayoelea, halafu kamua nyama ingali moto, kwa sababu ikipoa mafuta hayatoki vizuri. Ianike kwa safu nyembamba ndani ya kikaushio cha sola chenye kivuli, wala si kwenye mchanga wa ufukweni, hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 10, ndipo usage, uchekeche na kufunga katika mifuko isiyopitisha hewa. Panki lililokwisha kulainika na kunuka usilipokee hata kwa bei ya kutupa, kwani kulichemsha hakurudishi ubora wake.

Mtaalamu wa lishe, Dodoma

Naomba nijibu swali la pili, maana linagusa afya ya watoto moja kwa moja. Sehemu kubwa ya mfupa ni madini, hasa kalsiamu na fosforasi, hivyo mgongo uliosagwa mzima hutoa unga wenye protini pungufu kuliko jina lake linavyoahidi. Tenga nyama na mifupa, utengeneze unga wa aina mbili. Ule wa mifupa ni chakula chenye thamani, mradi mifupa ilainishwe kwa sufuria ya presha na kuchekechwa vizuri sana, kwa kuwa kipande kidogo chenye ncha kinaweza kumkwama mtoto kooni.

Faida ya unga wa nyama ni kwamba mahindi yana upungufu wa lisini, kimojawapo cha viini vinavyojenga protini, ambayo samaki anayo kwa wingi, kwa hiyo hata kiasi kidogo katika uji huinua ubora wa protini ya bakuli zima. Asipewe mtoto aliye chini ya miezi 6, na lebo itaje wazi kuwa una samaki, kwa ajili ya wenye mzio.

Mama lishe, Musoma

Mwanangu, nina ombi moja. Kwa familia nyingi za huku kwetu, panki ndilo samaki tunayemudu, na wanunuzi wakubwa wakiingia bei hupanda. Je, huwezi kuanza na vipande vidogo vya nyama vinavyobaki mezani minofu inaposafishwa, ukatuachia vichwa?

Msindikaji, Mwanza

Shikamoo mama. Nitaulizia kiwandani kama vipande hivyo huuzwa peke yake, na nitaanza na unga wa nyama pekee, nipeleke sampuli TBS, Shirika la Viwango Tanzania, kabla ya kuuza hata pakiti moja.