Mnafuta hitilafu kwenye kompyuta, mnatuuzia haibridi yenye betri iliyokufa!

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Miezi minne iliyopita nilinunua haibridi iliyotumika, yaani gari lenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja. Niliambiwa yale yale mliyoambiwa nyote: inakunywa kidogo, injini haichoki, betri haina habari. Siku ya kumi na moja ikawaka pembetatu nyekundu kwenye dashibodi nikiwa katikati ya mlima. Gari likaishiwa nguvu, malori yananipigia honi kwa nyuma, na mtoto kiti cha nyuma anauliza kuna nini.

Fundi akachomeka mashine ya kusoma hitilafu, ikasoma P0A80. Kwa ambao hamjakutana nayo, maana yake kompyuta imeona pakiti ya betri kubwa imechoka na inataka ibadilishwe. Hapo bado nilikuwa nasema ni bahati mbaya. Kilichonipandisha presha ni ukurasa uliofuata. Mashine nyingi zinaonyesha kilomita zilizotembea tangu hitilafu zifutwe. Yangu iliandika 412. Nikachukua karatasi ya mauziano iliyoandikwa odometa ya siku ile, nikapiga hesabu: tangu nikabidhiwe ufunguo nimetembea 409. Yaani kumbukumbu ya gari ilisafishwa kilomita tatu kabla halijawa langu!

Nikampigia muuzaji. Akasema walichomoa betri ndogo, ile ya kawaida kama ya gari lolote, ili waichaji, ndiyo maana kumbukumbu ilipotea. Ni kweli kuchomoa betri ndogo kunaweza kufuta kumbukumbu. Lakini sikilizeni tulichokuta tulipofungua pakiti.

Seli mbili zilikuwa na rangi tofauti na wenzake, juu yake zimeandikwa namba kwa kalamu ya wino. Nati zake zilikuwa na mikwaruzo mipya inayong'aa, huku nyingine zote zimefifia. Vipande vya shaba vinavyounganisha seli vimeota ukungu wa kijani. Na feni ya kupoza betri, ile inayovuta hewa kupitia tundu lililo pembeni ya kiti cha nyuma, ilikuwa imevaa koti la vumbi na nywele kiasi kwamba fundi alilibandua kwa kidole likatoka zima kama kipande cha blanketi. Aliyeingiza mkono wake humo kubadilisha zile seli mbili aliiona feni hiyo. Akaiacha vile vile na kufunga kifuniko.

Hicho ndicho kinachoniuma kuliko hata pesa. Joto ni adui mkubwa wa betri hizi, na kusafisha feni ni kazi ya mchana mmoja. Mtu alikuwa na nafasi ya kuokoa betri, akachagua kuweka kiraka kitakachoshika mpaka mteja aondoke.

Na kiraka chenyewe mkielewe, maana mafundi wengi wanakiita "matengenezo". Betri za haibridi nyingi za zamani ni za nikeli. Seli zake zimefungwa mfululizo, umeme ule ule unapita kwenye zote. Zikizeeka, zinazeeka pamoja. Ukitoa moja iliyokufa ukaweka nyingine iliyotolewa kwenye pakiti ya gari jingine, umeweka mgeni asiyelingana uwezo na wenzake. Iliyo dhaifu inaisha chaji kwanza, zenye nguvu zinaendelea kusukuma umeme kupitia kwake, inachemka, inavimba. Mwezi wa kwanza unachekelea. Mwezi wa tatu inakufa nyingine, unarudi gereji, unalipa tena ufundi. Hesabu safari tatu au nne za namna hiyo, halafu uniambie umeokoa nini.

Fundi wangu alinionyesha kwa macho. Gari likiwa limesimama, volti za mafungu yote (seli chache zinazopimwa kwa pamoja) zilikaribiana, zote 15 na pointi. Akanikalisha kwenye usukani, mguu mmoja kwenye breki, mwingine nikanyage mafuta. Mafungu mengi yakashuka kidogo tu. Fungu moja likaporomoka hadi 11. Gari lililosimama linaweza kukudanganya, lakini likibebeshwa mzigo ukweli unatoka. Kipimo hiki kinachukua dakika tano, na sikuona muuzaji hata mmoja aliyejitolea kunifanyia.

Sasa najua wapo watakaokuja kusema haibridi ni takataka. Hapana. Mimi sijakasirikia teknolojia. Prius, haibridi ya Toyota, ya kwanza iliingia sokoni Japani mwaka 1997, kwa hiyo hii si teknolojia ya majaribio. Kwenye mfumo ule wa Toyota huna stata ya kuungua wala altaneta, na giaboksi haina klachi wala mkanda, ni gia za sayari tu (gia ndogo zinazoizunguka ya katikati) zinazozunguka kwenye mafuta. Pedi za breki zinadumu kwa sababu mota ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi ya kupunguza mwendo. Jarida la Consumer Reports la Marekani mwaka 2023 lilikuta haibridi za kawaida zina matatizo machache kwa asilimia 26 kuliko magari ya petroli tupu. Zile za kuchomeka kwenye umeme zilikuwa na matatizo zaidi kwa asilimia 146, kwa hiyo msichanganye ndugu hawa wawili.

Ila takwimu hizo ni za magari ya matoleo ya karibuni, na hapo ndipo tunapopigwa changa la macho. Muuzaji anachukua sifa za gari la miaka mitatu anazibandika kwenye gari la miaka kumi na nne. Marekani watengenezaji wengi wametoa waranti ya betri ya haibridi ya miaka 8 au maili 100,000. Waliotunga kiwango hicho walijua betri ina umri. Gari likifika kwa mnunuzi wa tatu, waranti ilishakwisha kitambo, na hakuna karatasi hata moja inayosema betri imebakiza nini.

Gharama ndiyo hivyo tena. Niliambiwa nitaokoa mafuta, na kweli miezi hii niliokoa. Lakini pakiti mpya nimetajiwa bei inayokaribia theluthi ya niliyonunulia gari. Mafuta unayookoa kila wiki kwa kidogo kidogo yanarudi kudaiwa siku moja, kwa mkupuo. Mtu aliyejua hilo mapema angeweka akiba, au angeomba bei ipunguzwe. Kunificha ni kuninyima haki ya kupiga hesabu yangu mwenyewe. Na betri ikichoka hata hayo mafuta huyaokoi vizuri: vijiti vya chaji kwenye dashibodi vinapanda na kushuka kama lifti, injini inawaka muda wote kuijaza.

Halafu nasikia watu wanabishana kama haibridi zina mustakabali. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 sheria ya kuondoa moshi kwenye magari mapya ifikapo 2035, na mwaka 2025 Tume yake ikapendekeza kuilegeza. Uingereza inafunga petroli na dizeli tupu 2030, haibridi mpya zimepewa hadi 2035. Hayo yote ni ya magari mapya. Mimi na wewe tunaendesha yaliyokwisha kutengenezwa, na yataendelea kuwa barabarani miaka mingi baada ya viwanda kuhamia kwenye umeme mtupu. Swali langu ni nani atakuwa bado anatengeneza seli mpya za magari haya mwaka 2035. Kama jibu ni kukata maiti na kushona maiti nyingine, basi mustakabali wake tumeshauona chini ya kiti changu cha nyuma.

Ninachotaka si kikubwa. Kila haibridi iliyotumika iuzwe na picha ya volti za kila fungu ikiwa kwenye mzigo, kilomita tangu hitilafu zifutwe, na feni iliyofunguliwa mteja akaiona. Muuzaji anayekataa, mwache na gari lake. Na ninyi mafundi mnaopachika seli moja moja, mwambieni mteja ukweli kwamba ni ya muda, akubali mwenyewe.

Na tafadhali, kabla mtu hajaenda kujifungulia nyumbani: nyaya za rangi ya chungwa zinabeba volti zaidi ya mia mbili kwenye magari mengi. Zinaua. Kuna plagi ya usalama ya kuchomoa kwanza, halafu usubiri, na glavu ni za umeme, si za bustani.

Muuzaji mara ya mwisho kuongea naye alisema gari likishatoka getini ni lako, akakata simu. Nimehifadhi picha zote na karatasi, nafuatilia kisheria.

Wakati nasubiri, naomba aliyeweka pakiti nzima ya seli mpya, si za kuokoteza, na akapita nayo miaka mitatu au zaidi, aniambie ni za nikeli au za lithiamu, na kama kompyuta ya gari ilizikubali bila kuchokonolewa.