Nina vijiwe kwenye figo ila maumivu yamehamia kwenye uume, hii imekaaje wakuu?

Mla_Lami
Habari za majukumu wakuu. Mimi ni dereva wa masafa, Dar–Tunduma, umri 38. Mwaka jana nilipiga utrasaundi nikaambiwa nina vijiwe figo ya kushoto, kikubwa milimita 6, dokta akasema nipige maji ya kutosha, basi nikaendelea na maisha. Sasa juzi napandisha Kitonga yakanishika mbavuni kwa nyuma, yaani yanakuja yanaachia yanarudi, yakirudi jasho linatoka, ukikaa shida ukilala shida ukisimama ndo kabisa. Nikajikongoja mpaka Iringa nikapaki.

Cha ajabu, ya mbavuni yametulia ila yamehamia chini, kinena kinavuta na korodani ya kushoto, afu kichwa cha uume kinawaka hasa nikimaliza kukojoa. Mkojo unanibana kila mara, nikienda yanatoka matone tu, rangi kama chai ya rangi. Duka la dawa wamenipa antibayotiki, sipro na azuma, jamaa anasema ni UTI au nimeokota gono njiani. Sijatoka nje ya ndoa mimi, na waifu nikimwambia uume unauma mnajua wenyewe kesi itakavyokuwa. Jiwe si liko juu huko figoni, uume unahusikaje? Au ndo tezi dume imeanza?

Bwege_Mtozeni
Pole mkuu. Kesi ya waifu hiyo ni kubwa kuliko ya jiwe 😂

Kofia_Nyeupe
Pole kiongozi. Nipo wodini miaka mingi, ngoja nikueleweshe. Jiwe likiwa limetulia ndani ya figo mara nyingi halina kelele, kelele inaanza likishuka kwenye ule mrija mwembamba unaotoa mkojo figoni kupeleka kwenye kibofu. Mrija wenyewe una urefu wa sentimita 25 hivi, jiwe likikwama mkojo unajaa nyuma yake, figo inavimba na mrija unajikamua kulisukuma, ndo hayo maumivu ya kuja na kuondoka. Likiwa juu yanauma mbavuni. Likishuka yanafuata kinena na korodani, maana mishipa ya fahamu ya huko inaingiliana. Likifika mlangoni kabisa mwa kibofu linakikera kibofu, hapo ndo unabanwa kila dakika na maumivu unayasikia kwenye ncha ya uume wakati uume wenyewe hauna tatizo lolote. Kwahiyo kwa maelezo yako jiwe linaweza kuwa limeshuka sana, na huo mkojo wa chai inawezekana ni damu.

Gono kwa kawaida inakuja na usaha na kuungua wakati mkojo unapita, haianzii mbavuni. Tezi dume kukua kwa miaka 38 ni nadra, ila tezi kupata maambukizi inawezekana, ndo maana mkojo upimwe na uoteshwe maabara kuona kama una vijidudu kabla ya kumeza madawa kwa kubahatisha. Na korodani ikivimba au ikiuma ghafla kwa nguvu usiseme ni jiwe, kimbia hospitali saa hiyohiyo, inaweza kuwa imejinyonga.

Swali moja la muhimu, una homa au kutetemeka?

Mla_Lami
Homa hamna dokta. Kichefuchefu tu, na jana nilitapika mara moja.

Konda_Mstaafu
Mkuu piga bia mbili tatu za baridi litasukumwa lenyewe, madereva wote tunajua hii. Au chemsha majani ya parachichi.

Kofia_Nyeupe
Konda acha hizo. Bia inakukojoza leo, kesho inakuacha mkavu, na kama jiwe ni la asidi ya yuriki umelichochea. Hata maji kwenyewe, wakati maumivu yamepamba moto ukijijaza malita kwa lazima hulisukumi jiwe, unaongeza presha nyuma yake. Kunywa kadri ya kiu, maji mengi ni ya kila siku kuzuia mengine yasitengenezeke.

Mla_Lami, kutulia kwa mbavu kusikudanganye. Jiwe linaweza kuziba kimyakimya figo ikaharibika huku wewe unaendesha. Milimita 5 kushuka chini mengi yanatoka yenyewe, 6 kama yako inaweza kutoka ila inaweza kuchukua wiki kadhaa, yakifika 10 usitegemee. Omba siti skani isiyo na dawa ya mshipani, maana utrasaundi inaliona la figoni ila la kwenye mrija mara nyingi inalikosa. Wapime na kreatinini, kipimo cha damu cha kuona figo inavyofanya kazi. Kwa maumivu diklofenaki inafanya kazi vizuri sana ila kama una vidonda vya tumbo au figo imeshachoka usiiguse bila daktari. Wanaweza kukupa na tamsulosini kulegeza mrija, hiyo inashusha presha, ukiinuka ghafla unaona kizunguzungu, kwahiyo mwambie daktari kazi yako ni usukani.

Mama_Wawili_Moshi
Mume wangu alikuwa hivyohivyo, likagoma kutoka wakaliingilia kwa chini kwa kamera wakalivunja, wakamuachia kamrija kwa ndani. Nakuambia mapema ili usije ukashtuka, kale kamrija nako kana kero zake, akikojoa maumivu yanapanda mpaka kiunoni na damu kidogokidogo, ila tuliambiwa ni kawaida. Muhimu wasisahau kukatoa na wewe usisahau tarehe, kakikaa muda mrefu nako kanaota mawe.

Sauti_ya_Igawa
Me nilitolewa jiwe likapimwa likawa la oksaleti. Wakaniambia nipunguze chumvi na nyama, mchicha kwa kiasi, ila maziwa nisiache, tofauti na stori za vijiweni. Ndimu kwenye maji pia. Tatizo letu madereva hatunywi maji makusudi ili tusisimame njiani, na joto la injini lote unalo miguuni.

Mla_Lami
Dah, nimeelewa sasa. Sipro naiweka pembeni mpaka nipime. Nina mzigo wa watu, tajiri anapiga simu kila saa, naweza kusogea mpaka Mbeya nikapime rufaa pale?

Kofia_Nyeupe
Usiendeshe, likikubana ukiwa kwenye mteremko na tani zote hizo mguu hautatii breki. Pima hapohapo Iringa, wakiona inafaa watakupa rufaa. Homa au kutetemeka kukianza, au mkojo ukikata kabisa, usisubiri asubuhi hata kama ni saa nane usiku, usaha ukinasa nyuma ya jiwe unaua. Na kuanzia sasa kojoa kwenye chombo, chuja na kitambaa safi, likitoka lipeleke maabara.

Mla_Lami
Sawa dokta. Tandiboi ameshaenda kunitafutia bajaji.

Bwege_Mtozeni
Na hilo jiwe likitoka mwonyeshe waifu.