Mrejesho: Saa ya kukimbilia ilivyokuwa inanipa presha

Ndugu zangu, nimerudi. Niliuliza hapa nifanyeje na saa yangu ya mkononi inayopima mwendo na mapigo ya moyo nikikimbia, maana kila nikiiwasha moyo ulianza kwenda mbio kabla hata sijanyanyua mguu, na kila kilomita niliichungulia kama mtuhumiwa anayesubiri hukumu.

Nimeziba kioo kwa plasta. Ndiyo, plasta ya kidonda. Saa inarekodi, ila siioni mpaka nimalize kuoga. Mwendo naupima kwa mdomo: nikitoa sentensi nzima bila kukatika pumzi, hiyo ni mbio nyepesi. Siku ya tatu mkono ulijipindua wenyewe, nikakutana na plasta, nikacheka peke yangu njiani.

Aliyenijibu kwamba namba zenyewe za saa hudanganya alisema kweli. Kwenye majengo marefu GPS (kipima mahali kwa setilaiti) hurukaruka, na kihisi cha mkononi wakati mwingine hushika mdundo wa hatua kikidhani ni mapigo ya moyo. Nadhani ndiyo ile namba ya mapigo 178 kwa dakika iliyonitisha nikiwa najikokota. Joto nalo hupandisha mapigo hata usipoongeza mwendo.

Kuonyesha marafiki mbio zangu nimezima kabisa. Hilo lilinisaidia kuliko plasta. Jumapili nimekimbia kilomita 8; muda sijautazama hadi leo.