Kolonoskopi ya mama haikuonyesha kitu, arudi lini?

Mwana wa Jinja: Habari zenu. Mama yangu ana miaka 54, hana dalili yoyote. Amepimwa utumbo mpana kwa kamera, hakukutwa na kinyama (kivimbe kinachoota ndani ya utumbo). Kaambiwa arudi baada ya miaka 10, kliniki nyingine inasema kila mwaka. Tushike lipi? Ripoti imeandikwa "usafi 5/9".

Nesi wa Endoskopi: Miaka 10 ni sahihi kwa mtu asiye na hatari ya ziada, maana kinyama huchukua miaka mingi kugeuka saratani. Kila mwaka ni kumtesa bure. Ila hiyo 5/9 ndiyo inayonitia wasiwasi. Utumbo hugawanywa sehemu tatu, kulia, katikati na kushoto, kila moja hupewa 0 hadi 3. Kila sehemu inatakiwa ipate angalau 2. Kwa jumla ya 5, lazima ipo iliyopata 1 au 0, na hapo kinyesi huweza kuficha kinyama bapa. Kipimo cha namna hiyo hurudiwa ndani ya mwaka 1. Miaka 10 ihesabiwe kuanzia kitakachotoka safi. Angalieni pia kama kamera ilifika mwanzo wa utumbo mpana: ripoti itaje tundu la kidole tumbo, ikiwezekana na picha.

Mbarara_GI: Naunga mkono. Safari hii maandalizi yasimamiwe. Siku tatu kabla aache maharagwe, njugu, mahindi, mboga ya dodo (mchicha), pera na pasheni. Ale wali mweupe, mayai, viazi vilivyomenywa. Siku ya mwisho ni vinywaji vyepesi tu kama chai ya rangi, visiwe vyekundu. Kosa kubwa ni kunywa dawa yote ya kusafisha utumbo jioni: hadi asubuhi ute wa utumbo mdogo umeshafunika upande wa kulia. Kama kipimo ni saa 3 asubuhi, nusu anywe jioni, nusu saa 10 alfajiri. Choo kitoke maji ya manjano, bila vipande. Kama anatumia vidonge vya madini ya chuma, sukari au vya kuyeyusha damu, amwambie daktari mapema.

Mwana wa Jinja: Asanteni sana. Kaka yake, tumbo moja, aliugua saratani ya utumbo akiwa na miaka 47. Inabadilisha kitu?

Nesi wa Endoskopi: Inabadilisha sana, ndugu yangu. Ndugu wa tumbo moja aliyeugua kabla ya miaka 60 anamweka mama kwenye kila miaka 5, hata kipimo kikitoka safi. Ndugu zao wengine nao waanze wakiwa na 37, yaani miaka 10 kabla ya umri aliougua. Mwambieni daktari habari hiyo kabla hajapanga tarehe.